Utepe wa Kupimia

Kazi yangu ni sentimita.
Kutoka kwenye lenzi hadi kwenye mboni ya jicho
navuta utepe, nasoma namba, naiandika kwa chaki
juu ya gurudumu la fokasi. Jina langu
hupita mwishoni, kwa herufi ndogo, likikimbizwa.

Leo Ulaanbaatar ni nyuzi ishirini na saba chini ya sufuri,
na moshi wa makaa umelalia mahema ya mlimani
kama mgonjwa asiyetaka kugeuzwa.
Betri nne nimezifumbata kwapani,
nazipa joto kama vifaranga.
Ganzorig, mwongozaji, anataka yote:
picha pana, bonde zima, na Nomindari
awe nukta nyekundu kwenye ngazi za chuma;
kisha kamera ilale chini, imtazame kutoka miguuni,
azidi urefu mnara wa umeme;
kisha droni, kutoka juu, awe mdogo kama kosa la herufi.
(Droni ilipanda mita arobaini, rafadha zikaganda,
ikaangukia uani kwa mtu. Mbwa wakaihukumu.)

Macho hayana pazia. Fremu inalo.
Kushoto, nje kidogo ya picha,
mama yake Nomindari ameshika ubao wa fedha
unaorudisha jua usoni mwa bintiye.
Amevaa koti la kiume, mikono imemzidi.
Kila teki anasogea nusu hatua, apate kumwona,
na kila teki Ganzorig anafoka: "Mama, kiwiko!
Kiwiko kimeingia!"
Nami nakiona kwenye kioo changu kidogo,
chaingia bila hodi, chatoka bila kwaheri.

Wimbo ni wa kaka yake. Mgodi ulimfunika,
mwaka juzi, huko kusini. Hakuna aliyeniambia;
nimeyasoma kwenye midomo yake,
maana nalipwa kuikodolea macho.
Kwa picha za polepole, spika inacheza wimbo
mara mbili ya kasi yake, sauti imekuwa ya panya,
naye lazima aimbe msiba mbio mbio,
apepese mbio, alie mbio,
ili tukija kuipunguza kasi
aelee kama unyoya, na maneno yasimtoke mdomoni.
Tulicheka sote. Hata yeye. Panya
anamwita marehemu, nani angejizuia?

Mama hakucheka. Hakuelewa kwa nini tunamharakisha.

Kisha picha ya karibu. "Karibu zaidi," anasema Ganzorig,
"paji likatwe, kidevu kikatwe,
nataka kope na barafu yake."
Lenzi ya themanini na tano, tundu wazi kabisa:
hapo ukali wa picha una kina cha kidole gumba.
Akishusha pumzi tu, ametoka.
Sentimita tisini na mbili. Naandika. Chaki inakatika.

Ubeti wa kwanza, yumo. Wa pili, yumo.
Alipofika kwenye jina la kaka yake akarudi nyuma,
hatua moja ambayo hatukuipanga,
na nyingine, mpaka mgongo ukagusa lile koti.
Ubao wa fedha ulikuwa chini, unamulika mawingu.

Kidole changu kiliijua njia. Gurudumu likaanza,
upana wa unywele, kumfuata,
kama lilivyozoea miaka kumi na minne.
Nikalizuia.
Nikamwacha aingie ukunguni, abaki rangi tu,
nyekundu juu ya kijivu, na kiwiko kando yake,
kiwiko kizima, mkono mzima, unamzunguka.
Na pale mbele, kwenye tisini na mbili,
ilibaki pumzi yake peke yake, kali,
kila chembe inahesabika.

Ganzorig alikawia kusema "kata".
Kisha: "Fokasi ilikuwa wapi?"
Nikamwambia, pale alipokuwa.

Tukairudia mara sita, zote safi, zote sahihi.
Sijui atatumia ipi.
Utepe ulikataa kurudi kwenye ganda lake, baridi imeukaza,
nikaubeba mkononi hadi kwenye gari,
mita nzima na ushei, ukining'inia, haupimi kitu.