Homa Isiyokuja

Kitanda namba nne, saa nane na robo usiku.
Nimeandika: presha, themanini kwa arobaini.
Nimeandika: mkojo, mililita kumi na moja, rangi ya chai iliyolala.
Nimeandika: joto, thelathini na tano nukta mbili.
Nikapangusa kipimajoto, nikapima tena.
Ilikuwa ileile.

Chuoni walitufundisha: vijidudu vikiingia damuni, mwili huwaka.
Mimi nimejifunza hapa, zamu kwa zamu,
kwamba ini likishakuwa kovu tupu
mwili unaweza kusahau kuwaka,
nyumba ikateketea bila moshi
na majirani wakalala.

Ndivyo walivyolala kule Kibosho.
Siku nne Kundaeli alisema tu anasikia baridi.
Wakamwongezea blanketi. Julai, nani asiyesikia baridi?
Siku ya tano akamwita mkewe kwa jina la mama yake,
akavaa shati nyuma mbele,
akataka panga akakate majani
ya ng'ombe aliyeuzwa mwaka juzi.
Hapo ndipo walipotafuta gari.

Tulipochoma sindano tumboni
maji yalitoka na ukungu,
kama ya kuoshea mchele.
Daktari Ndosi aliyainua kwenye taa, akayashusha.
Hakusema kitu. Mikono yake ilikimbia:
dawa ya vijidudu, sasa hivi, usingoje duka lifunguliwe;
dawa ya kushika presha, tone kwa tone;
damu kwenye chupa, kwa ajili ya maabara
ambayo ingejibu keshokutwa.

Kaka zake walisimama mlangoni, makoti mikononi.
"Mbege hiyo," mmoja akanong'ona.
Ndeshi aliisikia.
"Mbege aliikoroga kwa harusi zenu," akasema,
"yeye akaionja kwa ncha ya kidole."
Kipimo kilikuwa upande wake:
kirusi, mpangaji wa miaka na miaka,
asiyegonga mlango, asiyelipa kodi,
anayekula kuta kwa ndani.

Sisi tunasema maneno makali hukata maini.
Sasa nimwambie nini mke wa mtu
ambaye lake limeshakatika?
Nikachagua maneno butu:
amelala, tunamwangalia, mama kunywa chai.
Mtori aliouleta kwenye chupa
ulibaki na joto kuliko aliyepikiwa.

"Atapona?"
Daktari alinyoosha vidole vyake vyote kumi,
akaanza kukunja, kimoja kimoja.
Alipofika cha sita
Ndeshi aliishika ile mikono.
"Basi," alisema. "Vilivyobaki niachie."

Tulimwachia.
Saa tisa presha ilipanda kidogo, nikaiandika kwa herufi kubwa.
Saa kumi figo zikanyamaza.
Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nambadilishia shuka
na mkono wake, ule wenye kovu la mundu,
ulikuwa mzito kwa namna ninayoijua.

Sitasema alipumzika. Alikufa,
miaka arobaini na sita,
njano kama ganda la ndizi mbivu,
na hakutoka jasho hata tone moja.

Wiki tatu baadaye nilipita dirisha la vipimo na chanjo.
Foleni. Ndeshi, na watoto watano nyuma yake kwa kimo,
kila mmoja na kadi yake.
Mdogo amevaa sweta la baba, mikono imefika magotini.
Ndeshi aliniangalia kama mtu anayehesabu.
"Nawe uliyemvalisha shuka la mwisho, umechanjwa?"

Nikasema ndiyo. Haraka mno.
Mbili nilipata. Ya tatu
naiahirisha tangu mwaka wa kwanza kazini:
leo zamu, kesho mazishi, keshokutwa imeisha.
Ndeshi hakuuliza tena.
Alisogea tu, nafasi ya mtu mmoja.

Nikasimama nyuma ya sweta lile,
nikakunja mkono wa gauni.