Kadi Haijaingizwa

Mgeni mmoja, siku moja, gari la peke yake.
Bei nilimtajia kwa simu, akakubali bila kuomba nipunguze,
nikajuta usiku kucha kwamba sikuongeza.

Saa moja asubuhi, mbele ya stesheni ya Tabora:
Bi. Chizuru, miaka sabini na miwili,
kofia ya kitambaa, daftari la mistari,
Kiswahili alichojifunza kwa kaseti.
Anataka kuona mahali ambapo watu wa hapa
wanainamisha kichwa. Pa zamani, alisema. Pa siku nyingi.

Nikawasha Noah.
Ndani ya dashibodi yule dada akasema maneno yake,
yaleyale, kwa sauti ya asali,
ambayo kwa miaka tisa nayaitikia: "Nawe pia, mama."
Bi. Chizuru akacheka hadi miwani ikamshuka puani.
"Unajua anasemaje? Anasema kadi haijaingizwa."
Kadi gani?
"Ya kulipia barabara. Kule kwetu."

Miaka tisa nabarikiwa, kumbe nadaiwa.

Msikitini alivua viatu kabla sijamwambia,
akavipanga, ncha zikitazama nje,
kama vinavyomsubiri mtu mwenye safari.
Kanisani aliuliza: "Nani anafagia hapa?"
Mimi nilikuwa nimekariri miaka na mapadre,
matofali yalichomwa wapi, kengele ilibebwa na wangapi;
jina la mfagiaji sikuwa nalo.
Tukamtafuta, tukamkuta nyuma, anaosha ndoo. Sizya.
Likaandikwa daftarini,
jina la kwanza tangu asubuhi.

Njia ya Kwihara tulitafuna matobolwa
akanisimulia hekalu la mji wao:
la mbao tupu, halina msumari,
limeungua mara tatu, limejengwa mara nne.
Basi ni jipya, nikasema.
"Hapana. Ni lilelile."
Nikanyamaza. Mteja habishiwi.

Kurudi, rejeta ikachemka Ipuli, hatua chache kutoka kwetu.
Nikaingia uani kuomba maji.
Yeye akashuka, akazunguka nyuma ya jiko,
nami nikamfuata mbio na ndoo mkononi,
maana pale hapamo kwenye ratiba.

"Hapa ni pa nani?"
Ni banda la kuku, nikasema.
Na ni kweli, tangu bibi Nyanzala afariki
na mama aokoke.
Lakini kuku hawajengewi kizingiti,
na kizingiti kipo;
hawawekewi jiwe jeupe mlangoni,
na jiwe lipo, limelambwa na unga wa miaka,
paa la nyasi likinifika kiunoni
ili kila anayekuja lazima ainame.

Bi. Chizuru akainama. Akainama tena.
Kisha viganja:
pa, pa.

Tetea akatoka, amekasirika.
Na mimi, mwongoza wageni mwenye kitambulisho shingoni,
nikawa na miaka sita, nimeshika kibuyu cha maji,
Nyanzala akipiga viganja vilevile,
akinena Kinyamwezi cha ndani kabisa,
sielewi hata neno,
nimeitikia tu kwa kuwa sauti ilikuwa tamu.

Jioni alilipa kamili, shilingi haikuzidi.
Kisha akanipa sarafu ya kwao, ya njano,
ina tundu katikati.
"Hii si ya kutumia," alisema. Hakusema ni ya nini.

Leo asubuhi nimewasha gari.
Kadi haijaingizwa, akasema dada.
Na kutoka jikoni, sauti ya mama:
"Nani amewatoa kuku wangu?"

Nikazima.
Sarafu ipo mfukoni.
Ufagio, katika nyumba niliyozaliwa,
sijui unawekwa wapi.