Nimeshiba

Miaka thelathini na moja niliionja jibini ya ushirika:
nachoma kwa kijiti cha chuma, nazungusha, navuta,
kipande ulimini, macho nimefumba.
Hii bado changa. Hii imeiva. Hii ina hasira.
Kisiwa chetu, São Jorge, ni chembamba kama ulimi
na ng'ombe wake wanatushinda kwa wingi.
Hapa ukikataa maziwa
watu huuliza umegombana na nani.

Basi nikanyamaza.
Tumbo likinguruma kanisani, nilikohoa.
Likijaa kama kiriba, nililegeza mkanda wa aproni
nikamlaumu pweza, nikalaumu maharage, nikaulaumu umri,
hata mkamwana na pilipili zake za bara.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliosema;
changu kilikuwa kikombeni,
cheupe, cha moto, na asali kijiko kimoja.

Daktari Quitéria, niliyemjua angali na meno ya utoto,
alinisikiliza bila kuandika.
"Ndani ya maziwa mna sukari," akasema,
"na tumboni mna kimeng'enya cha kuivunja.
Kwa wengi duniani hupungua wakishakua.
Wala si aibu, Belmira. Ni mwili tu
umesahau kazi yake ya utotoni.
Jibini iliyokaa sana huenda ikakusamehe,
lakini kwanza acha vyote, wiki sita. Kisha urudi."

Nilirudi nyumbani nikiambaa na ukuta
kama mke atokaye kwa hawara.
Adelino alikuwa zizini. Nilimwambia palepale
kabla ushujaa haujapoa.
Akaketi kwenye kigoda chake.
Ng'ombe akageuza shingo, akatutazama wote wawili.
"Wa ushirika wasijue," akasema.
Kisha, baada ya ndoo kujaa:
"Na mama yako je?"

Mama.
Kila jioni alilisukuma bakuli lake upande wetu.
"Nimeshiba. Kunyweni."
Tulikuwa saba, hatukuuliza mara mbili.
Padri alilitaja bakuli hilo siku ya mazishi, kanisa zima likalia,
nasi tukalipa fundi achonge juu ya jiwe: ALIJINYIMA.

Nilisimama pale zizini, mkono mdomoni.
Nilikumbuka chai yake ya limau, daima ya limau.
Nilikumbuka mlango wa nyuma ukilia usiku wa sikukuu,
baada ya uji wa mchele na maziwa,
naye akirudi, uso umemparama,
akisema alikwenda kutazama kuku.

Novemba nitampelekea maua.
Jiwe sitaligusa.
Ila nitamcheka kidogo, yeye na kuku wake.

Wiki ya kwanza niliililia kahawa yangu ya maziwa
kama mtu aliyefiwa.
Wiki ya tatu nililala hadi alfajiri, nikaamka nimeshtuka:
nani ameniondolea jiwe hili?
Sasa nakula dagaa na mifupa yake, kabichi, lozi;
Quitéria anasema mifupa yangu haitauliza
kalsiamu imetoka kwa ng'ombe au kwa nani.

Sikukuu ya Roho Mtakatifu, mezani kwa jirani,
Deodata alinikatia mkate mtamu, siagi inang'aa.
Neno la Mama lilikuja lenyewe, likafika kwenye meno.
Nikalimeza.
"Tumbo langu halipatani na maziwa," nikasema, kwa sauti,
mbele ya mwenyekiti wa ushirika.
Kijiko kimoja kilianguka. Halafu mzee Gaspar,
mkamuaji tangu utoto, akakohoa:
"Langu pia."

Hawakunifukuza. Kuonja anaonja kijana Leonilde.
Mimi wamenipa kinyundo.
Napita kati ya rafu, kwenye ubaridi,
nagonga kila gurudumu, nategea sikio:
lililopasuka ndani hujibu kwa sauti bapa,
hata kama ganda lake ni zuri.
Kazi hii naiweza.
Kwa miaka mingi nilikuwa gurudumu la namna hiyo.