Hadi Chai Ipoe

Wiki ya tatu sasa kizimba kiko sebuleni,
kati ya jiko la kuni na kiti cha Heldur.
Mlango wake umeng'olewa, uko juu ya friji,
umekandamiza barua ya kliniki ya macho
ambayo Virve hajaifungua.
Ndani ametandika sweta la kijani,
halijafuliwa tangu Oktoba,
wala hana nia ya kulifua.

Paka anaitwa Tuhk, yaani majivu,
kwa lugha ya mji huu mdogo wa Estonia
ambako theluji hukaa hadi watu wakasahau nyasi.
Umri miaka kumi na mmoja, jino moja bovu,
kumbukumbu ndefu kuliko mkia.

Mwaka juzi walimkamata. Hilo ndilo neno.
Heldur na taulo, Virve na glavu za bustani,
kitanda kikaburuzwa, taa ikaanguka,
paka akashindiliwa kinyumenyume
kama barua iliyoizidi bahasha.
Njia nzima alilia kwa sauti ya mtu.
Kabla ya daraja alikuwa amejikojolea.
Mwezi mzima hakupanda mapaja ya yeyote.

Safari hii, Virve kasema, hapana.
Mgonjwa haulizwi uji, sawa,
lakini paka huulizwa,
na akisema bado, ni bado.

Kipande cha samaki, hatua tatu kutoka kizimbani.
Kesho yake, mbili.
Siku ya tisa Tuhk akaingiza kichwa,
akakitoa, akajilamba bega
kama mtu aliyejikwaa sokoni
akajifanya alitaka kukimbia.
Virve akageuza uso,
akasoma gazeti la juma lililopita.
Usiku mmoja aliamka kunywa maji, akamkuta humo,
amelala, pua ndani ya mkono wa sweta.
Alisimama pekupeku pale pale
mpaka sakafu ikamuuma.

Kisha mlango ukarudishwa.
Ukafungwa, ukafunguliwa papo hapo.
Ukafungwa hadi chai ipoe.
Kisha gari, injini kimya.
Kisha injini tu, bila kwenda.
Kisha hadi duka la mikate na kurudi,
pasipo sindano, pasipo mtu wa koti jeupe.

"Siku hizi unamtembeza paka?"
Aarne, jirani, koleo la theluji mkononi.
"Namtembeza yeye," Virve akajibu, "na mimi."

Maana barabara ni ile ile.
Baada ya daraja, kulia ni kwa daktari wa wanyama,
kushoto ni hospitali,
na Heldur naye walimbeba usiku,
kwa haraka, kwa wema mtupu,
soksi moja mguuni,
akiuliza wanampeleka wapi,
na kila mtu akimwambia tulia, tulia.

Daktari Kertu alisema kwa simu:
njoo saa ya mwisho, mbwa wakishaondoka.
Usiingie ukumbini. Kaa garini,
mfunike blanketi, nitagonga kioo.
Akagonga kwa kucha, polepole.
Ndani hakumvuta. Alifungua skrubu nne,
akaondoa paa la kizimba kama mfuniko wa sufuria,
akaketi sakafuni na magoti yake yaliyochoka,
akamwangalia paka pembeni, si machoni.

Tuhk alifoka mara moja, kwa heshima yake.
Halafu akabaki juu ya sweta,
masikio bapa, moyo mbio, lakini akabaki,
akaacha mdomo wake ufunuliwe.
Jino litang'olewa Alhamisi.
Hakuna aliyesema amepona woga.

Jioni kizimba kimerudi kando ya jiko,
na mlango juu ya friji.
Barua ya macho, la, bado haijafunguliwa.
Ila Virve ameitoa kule juu,
akaiweka mezani,
hatua tatu kutoka kikombe chake.
Kesho, labda, mbili.