Kipimo

Waliomtuma walitaka kitu kifupi:
dereva wa kifaru akichomoka tunduni, moto ukimfuata,
asinase kwa mtutu mrefu.
Basi Bohumír akaja nyumbani na futi ya chuma,
akapima mlango wa jiko letu la makaa,
akapima paja langu, nikicheka,
akapima hata mkate mezani.

Ya kwanza ilikuwa ya mbao ya mpeasi.
Niliifuta vumbi kila Jumamosi
pamoja na saa na picha ya mama yake.

Ya pili ilikuwa na springi, na springi ndiyo iliyomzeesha.
Ikilegea, risasi zinasongamana;
ikikaza, zinatoka zote kwa pumzi moja,
ishirini, kabla hujamaliza kutaja jina lako.
Usiku aliamka akihesabu.
Mwishowe akaficha kijiuzito ndani ya mpini
kuupunguza upesi ule. “Kama koo,” aliniambia,
“linalomeza mate kabla ya kusema.”

Mwanetu Ctibor akapewa yake jeshini, ndani ya mfuko wa ngozi.
Ilimkaa pajani sawasawa.

Agosti ile vifaru vya wageni vikapita Moravia,
na amri ikaja: kaeni kambini.
Ctibor alikaa ndani ya kifaru kilichozimwa,
mfuniko wazi,
akisikiliza minyororo ya wenzake wa jana ikisaga barabara.
Siku ya tatu akatoka tunduni.
Hakunasa.

Alipofika nyumbani babake hakuuliza neno.
Alichukua futi, akailaza juu ya mkate,
kisha akasahau alitaka nini.