Magoti Yamesema Hapa

Magoti yangu yamesema hapa,
nami sibishani na magoti.
Leanne, binti yangu, amenikalisha juu ya jiwe pana
chini ya mkalitusi mweupe kama mfupa,
akaniachia chupa mbili za maji na kofia yenye wavu wa nzi.
"Saa moja tu, Baba."
Saa moja ya Leanne naijua:
ina miguu yake, huenda itakako.

Hapa unatembea tambarare, nyasi za miiba, vumbi jekundu,
tambarare, nyasi za miiba,
halafu ardhi inakatika
kama mtu aliyenyamaza katikati ya neno.
Ndilo korongo. Ngazi ya chuma inaning'inia mdomoni mwake.

Wamepita Wajerumani wawili waliofungana kamba pasipohitaji kamba.
Mama mmoja wa Perth, na mwavuli.
Kijana ambaye simu yake ilitangulia kuona, yeye akafuata.
Na mzee wa rika langu, mwembamba, Mungu amsamehe.

Wakipanda nawauliza: kuna nini huko chini?
"Ajabu," akasema Mjerumani, akakosa la kuongeza.
"Baridi ya kukata mbavu," akasema mama.
Kijana akanionyesha picha: kidole chake,
na nyuma ya kidole, buluu kidogo.
Mzee mwembamba alikaa kando yangu, akavua kiatu,
akamwaga maji, akalia,
akavaa kiatu, akaenda zake.
Huyo sikumuuliza.

Sikumwambia yeyote kwamba miaka thelathini na moja
niliutoboa mwamba huu huu,
mwendo wa saa moja kaskazini, kule mgodini.
Nikijaza matundu baruti, napiga king'ora,
nahesabu kumi kurudi nyuma,
na mlima unapiga magoti.
Treni isiyo na mwisho ikaubeba kwenda baharini.
Kwa hiyo mistari hii naijua, chuma, gumegume, chuma,
naijua kwa tani, na kwa bei ya tani.
Sikuwahi kuiona imetulia,
kangaga zimeota katika nyufa zake,
na tone la maji likijipa muda wake wote
kabla ya kuanguka.

Tarryn, mlinzi wa hifadhi, alipita na redio kiunoni.
Watu wake walilipa korongo jina
kabla ya kuwapo ramani ya kulikosea.
Huwaambia wageni: msijirushe majini kwa makelele.
Choteni kwanza kwa kiganja, semeni majina yenu, msikike.
Bibi yake ndivyo alivyomfunza.
"Hata kwa jirani huingii bila hodi."
Akaitazama mikono yangu.
"Mgodini?"
"Mgodini."
Akanyamaza. Hakikuwa kimya cha hasira,
wala cha msamaha sikukisikia.
"Mjomba wangu anaendesha lori huko mpaka leo," akasema,
akashuka ngazi kama anayeshuka kitandani.

Kenge alivuka njia bila kunijali.
Nilikula mkate wa Leanne, kisha wangu.

Aliyetangulia kurudi ni Maisie, wa miaka saba,
meno yanagongana, midomo ya zambarau,
kofia ameikumbatia inachuruzika mpaka kwenye viatu.
"Babu, nimekuletea."
Alichota kofia nzima. Ngazi imekunywa nyingi, tumbo lake limekunywa,
pamebaki funda moja, na jani.
"Kuna nini huko chini?"
"Kuna giza, nikaogopa. Halafu nikaacha.
Halafu nikayaambia maji jina lako."
"Ulisema nani?"
"Babu."

Nikatia vidole viwili ndani ya kofia.
Baridi kweli, mama wa mwavuli hakudanganya.
Vumbi la kuchani lilijitenga kidogo, jekundu,
likazama.
Nikainama, nikaongeza lililobaki,
kwa sauti ya kusikika na nzi tu:
Desmond Kuchel.
Mpiga baruti.