Kisu Namba Mia na Kumi na Nne

Katika kiwanda cha nyama, nje kidogo ya Salto,
watu mia tatu huingia kazini na visu viunoni.
Kwa hiyo swali la kwanza la fomu,
"Je, mhusika anaweza kupata silaha?",
lilimchekesha Nélida, kisha likamnyima usingizi.

Fomu ilitoka makao makuu, Montevideo:
maswali kumi na mawili, visanduku vya kutia alama.
Ametoa vitisho? Ndiyo. Alimwambia msimamizi Olivera,
mizoga ikipita kwenye ndoano,
"Iko siku utanikumbuka."
Amebadilika tabia? Ndiyo.
Ana historia ya ugomvi? Hapana. Miaka ishirini na miwili
Wílmar Etcheverry, mtoa mifupa, fundi wa bega na paja,
hata kikohozi chake alikikoholea kiwikoni.

Tangu Machi wamemwondoa kwenye meza ya mifupa;
mashine mpya humaliza bega kwa pumzi moja.
Wakamshusha kwenye ngozi, chini, penye chumvi na uvundo,
kwa barua ya mistari mitatu
na jina lake limekosewa.

Jumanne walikaa watatu, mlango umefungwa:
Nélida wa utumishi, daktari Bentancur, Olivera.
Olivera alikuja na jibu kabla ya kikao:
"Ijumaa, saa nane, walinzi wawili, apewe chake, atoke."
"Atoke aende wapi?" daktari akauliza.
"Nje."
"Nje ndiko unakoegesha gari lako."
Friji kubwa ikanguruma ukutani.

Nélida hakusema. Alikuwa na jambo lisilo na kisanduku:
Alhamisi Wílmar alimpa mwanagenzi Yamandú
kibuyu chake cha mate.

(Mate ya huko si haya yetu ya kinywani.
Ni majani machungu, yanatiwa maji moto kibuyuni,
yananyonywa kwa mrija wa chuma.
Kibuyu humzoea mwenyewe kama kitasa na ufunguo wake.)

Mtu hagawi kibuyu chake.
Anayekigawa amekwisha kuhesabu siku,
zake au za wengine,
na fomu haina swali la kuzitenga hizo mbili.

Akashuka kwenye ngozi bila mlinzi,
daktari hatua kumi nyuma,
akijifanya anasoma kipimajoto.
Hakusema "tumepokea malalamiko."
Alisema, "Jina lako tulilikosea. Nimeleta barua nyingine."
Wílmar akaisoma mara mbili, chumvi ikimdondoka viganjani.
"Mnaniogopa?"

Hilo lilikuwa swali la kumi na tatu,
na la kulijibu alikuwa yeye.
Nélida akameza mate, haya ya kwetu.
"Nakuogopa," akasema. "Na nakuogopea."

Ngozi saba zilipita.
Kisha akafungua ukanda, akakitoa kisu,
kimeliwa na kinoo hadi kuwa chembamba kama unyasi,
namba mia na kumi na nne mpinini,
akakigeuza, mpini mbele.
"Kaa nacho wewe. Nyumbani kuna kingine.
Mpigieni dada yangu, yuko Concordia, ng'ambo ya mto."

Sasa ni Agosti. Dada alivuka daraja siku ileile.
Jumatatu Wílmar huenda kwa daktari, mara nyingine haendi.
Olivera huegesha gari karibu na lango, uso ukitazama barabara.
Kisu kimelala kwenye droo ya Nélida juu ya fomu,
na kisanduku cha mwisho, "Hatari imekwisha?",
bado ni cheupe.

Juzi Yamandú alijaribu kurudisha kibuyu.
"Kitunze," akaambiwa. "Nitakuja kukidai."
Nélida aliposimuliwa, alichukua kalamu,
akaandika pembeni mwa karatasi neno moja: *nitakuja*.
Akalitazama kwa muda mrefu,
jinsi lilivyofanana na *utanikumbuka*,
ile *ta* ileile katikati,
nyembamba, imenolewa,
isiyosema inaelekea wapi.